Msiba Usio na Marehemu

Jumatatu, 6 Machi 1995

Siku kubwa! Niandike kabla mkono haujatulia. Hapa kijijini Mpepai tumepata mtafiti! Mjapani mzima mzima, Daktari Tsukuda, kashushwa na gari la wilaya mbele ya ofisi ya kijiji, begi mgongoni, kofia ya ukindu kichwani. Na Kiswahili anakijua! Aliwapa wazee Shikamoo mmoja baada ya mwingine, akawarudia na wale aliokwisha kuwaamkia.

Amekuja kuchunguza maisha ya kila siku. Tunavyolima, tunavyokula, tunavyozika, tunavyoamini. Atazunguka kidogo kwanza, kisha atachagua kaya moja ya kukaa nayo mpaka kahawa iishe, na mtu mmoja wa kuwa msaidizi wa utafiti. Msaidizi wa Utafiti! Masikio yaliniwaka moto. Tangu chama cha ushirika kipunguze watu, na kahawa kununuliwa na kila mwenye pikapu, hakuna aliyeniita kwa cheo. Nilikuwa Karani wa Mizani. Sasa mimi ni Ildefonsi tu, na wengine hata hilo hulifupisha.

Mzee mmoja akamuuliza dini. Akajibu kwamba kwao nyumbani ni Wabudha. Watu wakatazamana. Nikatabasamu peke yangu. Katika Mpepai yote nani anaujua Ubudha? Mimi! Nimeona mikanda mitatu katika kibanda cha video cha Kombo pale Mbinga mjini. Watawa wenye vipara, mashuka ya rangi ya chungwa, wanaruka juu ya paa na kuvunja matofali kwa kiganja. Mmoja nimeuona mara mbili.

Raimundi alikaa mstari wa mbele na shati jeupe. Raimundi ni jirani yangu na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Ana bati, ana nguruwe, na kila mwaka ndiye wa kwanza kumaliza kulaza nyasi. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno la Daktari. Nimemwelewa. Vita imeanza.

Jioni Ottilia, mke wangu, kaniuliza habari za nyasi. Ngolo, kilimo chetu cha mashimo ya mteremkoni, ina utaratibu: mume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba kwenye mteremko, mke anachimba katikati ya kila mraba, anazifunika kwa udongo na kupanda maharage juu yake. Mume akichelewa, mke hana pa kuweka jembe. Mvua zikienda, maharage yamekwenda nazo. Mimi nimefyeka. Kulaza bado. Nikamwambia kuna mambo makubwa zaidi kijijini sasa. Akaniambia maharage ni makubwa. Mnyasa huyu! Nilimwoa kule ziwani hajui ngolo, leo anatufundisha sisi Wamatengo.

Jumatano, 8 Machi

Raimundi kachinja nguruwe kwa ajili ya mgeni! Nilipopata habari nilicheka hadi nikakaa chini. Nguruwe! Kwa Mbudha! Nilikwenda kushuhudia aibu yake.

Daktari alikula sahani mbili. Akaomba na mchuzi.

Nimelitafakari jambo hili njia nzima ya kurudi. Adabu tu ile. Mtu yuko ugenini, amezungukwa na watu wasiomwelewa, afanye nini? Alikuwa akiumia ndani kwa ndani. Nilimwona mara moja akifumba macho akitafuna. Na hapo mpango wote ukanijia kwa mkupuo, kama mvua ya Januari. Anahitaji mwenzake wa imani! Atachagua kaya gani zaidi ya kaya ya Mbudha mwenzake? Mbudha pekee wa Mpepai, pengine wa Mbinga nzima!

Ottilia kaniuliza nyasi.

Alhamisi, 9 Machi

Ottilia ameondoka. Kafunga kitenge chake, kapanda lori la Mbamba Bay, kaenda kwa mama yake, Bibi Vitalia. Alikuwa na macho mekundu na hakumuaga mtu. Maneno yake ya mwisho: atarudi wiki ijayo, akikuta nyasi hazijalazwa, anageuza kwa lori hilohilo, na maharage nipande na Budha wangu.

Kosa lilikuwa langu kumweleza mpango mapema. Wanawake hawana subira na mambo ya imani.

Basi nimebaki na nafasi ya kufanya kazi. Nilikwenda Mbinga kwa Kombo. Kombo ni mtu wa Kilwa, ana duka la kila kitu: mitumba, betri, dawa za mende, na nyuma ndiyo video. Nikamwambia nataka shuka la rangi ya chungwa. Hana. Alikuwa na pazia la mtumba, rangi yenyewe hasa, ila lina maua makubwa. Nikachukua na udi, na wembe mpya. Kombo akaniuliza kama kuna heri au shari nyumbani. Nikamwambia ataona mwenyewe. Akasema Mungu anipe nguvu. Mtu mwema.

Ijumaa, 10 Machi

Nimenyoa kichwa! Chote! Kinang'aa hata kuku wananikwepa. Nikajifunga pazia, nikawasha udi kwenye kigae, nikakaa mkekani mbele ya nyumba, macho nusu wazi, nikingoja Daktari apite kwenda shambani kwa Raimundi.

Akatangulia kupita Hildegardi, yule mjane wa bondeni, na mzigo wa kuni. Aliponiona akasimama. Akautua mzigo. Akapiga kofi moja, akaweka mikono kichwani, akalia. Nikafumba macho vizuri zaidi. Nilidhani amepatwa na utukufu.

Muda si muda wakafika wanawake watano na unga. Nyuma yao wanaume na kuni. Nyuma yao Raimundi na jumuiya nzima na rozari mkononi. Kila mmoja ananishika mkono na kusema pole sana, pole sana baba. Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi hapa mtu hanyoi kichwa akamaliza chote ila amefiwa! Na wameshaunganisha wenyewe: Ottilia kapanda lori la ziwani analia, hakuaga mtu, mumewe kanyoa, kachoma udi. Bibi Vitalia hayupo tena. Ottilia ameenda kuzika, na mimi, mkwe mwema, nimeweka tanga huku.

Nilifungua mdomo kueleza. Wallahi nilifungua. Halafu nikaona, nyuma ya kofia zote zilizovuliwa, kofia ya ukindu inavuliwa nayo. Daktari! Nyumbani kwangu! Macho yanamwaka, kalamu iko tayari.

Nikafunga mdomo. Raimundi akauliza kwa sauti ya chini mama amefariki lini. Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Huo si uongo.

Jumamosi, 11 Machi

Tanga limekuwa kubwa! Wamekuja watu wa Kigonsera! Sufuria za jumuiya zimeletwa zote mbili. Na Daktari haondoki. Jumatano kwa Raimundi alikaa kidogo tu. Leo kwangu amekaa kutwa, amepasua kuni na vijana, amekaa na wazee, amekula ugali wa msiba. Raimundi anahudumia watu kama mtumishi wangu. Raha iliyoje!

Daktari kaniuliza maana ya kunyoa. Nikamweleza kirefu. Akauliza maana ya pazia lenye maua. Nikasema ni vazi la kale la wakwe. Hildegardi akadakia kwamba tangu azaliwe hajaliona. Nikamwambia yeye ni mtu wa Namswea, ya kwetu atayajuaje.

Jioni watu wakaanza kumsimulia marehemu. Mmoja alikumbuka mwaka wa njaa, Bibi Vitalia alivyopanda milima na vikapu viwili vya usipa, dagaa wale wa ziwani, akagawa vyote kijijini, akarudi mikono mitupu. Mwingine alikumbuka mtoto wake alivyopata degedege, na bibi akamkanda usiku na mchana. Nikalia. Kweli kabisa nililia! Bibi Vitalia hajawahi kunipenda, aliwahi kusema mbele za watu kwamba mimi ni mtumbwi wa maneno, haupakii samaki. Lakini jana na leo nimempenda sana. Ni mzuri mno akiwa amekufa.

Mara moja nilifikiria Ottilia. Nikafukuza fikra hiyo. Harudi mpaka katikati ya wiki, na kufikia hapo Daktari atakuwa ameshachagua.

Jumatatu, 13 Machi

Sijui niandike vipi. Bahati hii imezidi!

Raimundi alitembea hadi shambani kwangu jana baada ya ibada, akaona nyasi zimelala ovyo kama nilivyoziacha. Alirudi akawaita wanaume. Kisha akatangaza kwamba mfiwa hagusi kazi ya shamba, na maharage hayangoji machozi. Leo asubuhi jumuiya yote imeingia shambani kwangu! Wanaume wote! Miraba imenyooka, mteremko mzima, kutoka barabarani hadi mtoni. Kazi niliyoikimbia tangu mwezi uliopita, wameimaliza kabla jua halijawa kali. Mimi nilikaa kivulini na kupewa pole.

Daktari naye alilaza nyasi. Alipochoka akaja kukaa karibu nami. Akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa mbali, katika utafiti kama huu, nchi nyingine. Alipofika nyumbani wameshamaliza kila kitu. Nyumbani kwao kuna kabati dogo lenye picha yake. Kaka yake ndiye anayemwekea wali kila asubuhi, wa kwanza kupakuliwa kabla ya watu hai, na kuwasha udi. Yeye mwenyewe hajawahi kukaa tanga la mama yake. Kwa hiyo kukaa hapa kwetu, alisema, kumemfaa zaidi ya kazi.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaona huu ndio wakati! Nikamweleza kwamba nami ni Mbudha, na kwamba naijua siri ya kuruka juu ya paa.  Akaomba nirudie polepole. Nikarudia, pamoja na matofali. Hakuandika kitu. Nadhani alizidiwa na furaha.

Jumanne, 14 Machi

Nimeponea chupuchupu. Au sikupona. Sijui bado.

Ottilia amerudi leo, na Bibi Vitalia mwenyewe, mzima, na kapu la usipa kichwani! Lori lilisimama kwanza mjini, mbele ya duka la Kombo, na Kombo, mtu mwema yule, akatoka kumpa Ottilia pole kwa msiba mkubwa ulioko nyumbani kwake. Ottilia akauliza msiba wa nani. Kombo akasema hakuambiwa jina, ila tanga ni kubwa, watu wametoka hadi Kigonsera. Na Ottilia aliniacha peke yangu katika nyumba ile. Atafikiri nani mwingine?

Mimi nilikuwa ndani napima unga wa chakula cha jioni. Nikasikia kilio kinapanda njiani. Nikafurahi, nikidhani ni wageni wapya. Kisha nikaijua sauti.

Ottilia alikuwa ananililia mimi.

"Ildefonsi wangu, mtu wa maneno! Nimekuacha kwa ajili ya nyasi! Nyasi, baba, nyasi tu! Ungelala, mume wangu, ungelala mchana kutwa, nisingesema!"

Na nyuma yake Bibi Vitalia, kwa sauti nzito ya ziwani:

"Mkwe wangu mvivu! Nani sasa atanidanganya nicheke?"

Nilisimama na kibaba cha unga mkononi.  Miaka kumi na minne ya ndoa sijawahi kusikia mtu akinisema hivyo. Machozi yalinitoka yakachanganyika na unga. Aliniita mume wangu mbele ya kijiji kizima! Nilitamani aendelee. Niseme ukweli, nilimwacha aendelee kidogo.

Lakini alipoanza kujitupa chini sikuweza. Moyo ulinipasuka. Nikatoka mbio kumshika, kichwa kipara, uso mweupe kwa unga, pazia linapepea.

Hesabu yangu haikuwa nzuri. Ottilia aliniona, akaanguka, akazimia. Bibi Vitalia akanirushia kapu lote la usipa. Wakati huohuo watu waliokaa kuzunguka moto waligeuka, wakamwona Bibi Vitalia, marehemu, amesimama uani anatupa samaki! Uwanja ulivunjika. Benchi zikapinduka. Mlinzi wa sufuria alikimbia na mwiko. Raimundi aliruka ua wa banda lake la nguruwe, akatua ndani, na nguruwe nao wakatoka. Nilifarijika kidogo kuona hilo.

Aliyebaki ni Daktari peke yake. Hakuwahi kumwona Bibi Vitalia, hakuwa na sababu ya kukimbia. Alimwendea, akainama, akasema Shikamoo mama, pole na safari. Bibi Vitalia akajibu Marahaba mwanangu. Kisha akaketi chini palepale katikati ya usipa, akauliza ni nani aliyekufa katika nyumba hii.

 Wote waliokuwa wanarudi walinitazama mimi.

Jumatano, 15 Machi

Nimehukumiwa. Jumuiya imekaa chini ya uongozi wa Raimundi, suruali yake bado ina dalili za banda. Nitamlazia nyasi Hildegardi, shamba zima, peke yangu, na kupasua kuni za kila aliyeleta kuni. Sikubisha. Ottilia hasemi nami. Alipoamka alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa, akahakikisha kina joto, kisha akanizaba kibao.  Lakini lori limeondoka jioni na hakupanda! Amekwenda shambani, ameiona ile miraba, amesimama pale muda mrefu. Amerudi na kutafuta jembe lake.

Ajabu ni Bibi Vitalia. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Ameweka kigoda uani, akawaita wanawake, akaomba wamsimulie upya yote yaliyosemwa kwenye tanga lake. Yote, bila kupunguza. Wakaona haya mwanzoni. Kisha wakaanza: mwaka wa njaa, vikapu viwili, mtoto wa degedege. Alicheka, akalia, akasahihisha. Vilikuwa vikapu vitatu, alisema. Akasema watu wengi wanaondoka hawajui waliwahi kumfaa nani. Yeye sasa anajua, na ikifika siku yake ataenda bila wasiwasi.

Daktari alikaa karibu yake kutwa. Chakula kilipoletwa, Bibi Vitalia alimega tonge la kwanza, akaliweka chini kando ya figa, kwa ajili ya marehemu mumewe, kama anavyofanya kila siku, halafu akapiga ishara ya msalaba na kula. Daktari aliweka kalamu chini. Akamega tonge, akaliweka kando ya lile la bibi. Bibi Vitalia hakumuuliza ni la nani. Alisogeza tu kigae ili kuku wasiyafikie matonge yote mawili. Daktari akalia, bila kujificha, na wanawake wakamwambia pole.

Nilimvuta kando baadaye. Nikamwomba asipoteze muda na mambo ya kawaida kama hayo, kila bibi anayafanya, si utafiti. Akanishukuru kwa ushauri.

Jumamosi, 18 Machi

Uamuzi!

Daktari atalala kwa Raimundi, ambako kuna bati. Na msaidizi wa utafiti ni Ottilia! Mke wangu! Atamfundisha kuchimba ngolo, kazi ya wanawake, Mjapani na jembe, kijiji kizima kitakuja kutazama. Na mwezi wa tano atampeleka ziwani akakae kwa Bibi Vitalia. Nilimuuliza Daktari kwa nini si mimi. Akajibu kwa adabu sana kwamba alichokuja kutafuta ni siku za kawaida, na katika kaya yetu Ottilia ndiye anayezijua.

Ottilia kaniambia leo neno la kwanza. Kaniambia nibebe begi la Daktari hadi shambani.

Jumapili, 19 Machi

Mgongo unauma. Nyasi za Hildegardi hazina mwisho. Nililaza tangu baada ya ibada mpaka jua linazama, na Hildegardi amekaa juu ya mteremko ananionyesha mistari iliyopinda. Kwetu Namswea, anasema, hatulazi hivyo.

Nimefikiri sana huku nimeinama. Nimetafuta kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Daktari hana kipara, anakula nguruwe, haruki juu ya kitu chochote. Maskini! Dini yake mwenyewe haijui. Nitamfundisha taratibu.

Halafu nimetazama ng'ambo ya bonde, shamba langu. Zuri jamani! Miraba yote imejaa udongo mweusi, Ottilia ameshaanza kupanda, anashuka mstari kwa mstari. Shamba la kwanza kukamilika Mpepai mwaka huu, mbele ya Raimundi! Na nani aliyefanya? Msiba. Na nani aliyeleta msiba? Basi mpango ulifaulu. Ulikuwa na kasoro moja tu: marehemu alikuwa karibu mno, akafika na lori.

Jioni nikamuuliza Ottilia kama yale aliyonililia alikuwa anayamaanisha.  Alinipakulia maharage, akaniongezea, akaniambia nikifa tena atanyamaza kimya kama jiwe. Alisema hivyo huku amenigeuzia uso pembeni, na nilimwona anatabasamu. Nimefurahi hata kuandika nashindwa. Natamani kuisikia sauti ile mara moja zaidi katika maisha yangu.

Sasa, kahawa yetu huiva Juni. Wachumaji ni adimu, na mimi mgongo huu hauinami tena. Nina mjomba huko Tunduru, mtu mzima sana, hapa hakuna aliyewahi kumwona, na lori la Tunduru halifiki Mpepai.

Wembe nimeuficha darini.